Vitamini D ya baba ilisoma 11. Je, ndiyo iliyomuua?

Shikamoo Bibi Muuguzi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 38, nauza vitenge hapa Morogoro. Nimesoma majibu yako kwa wenzangu kwa muda mrefu, kila mara nikisema ya kwangu nitaiandika kesho.

Baba yangu alifariki mwanzoni mwa Julai 2021. Alikuwa na miaka 67, mtu wa mwili, mwenye sukari ya siku nyingi na presha. Ulikuwa Uviko, yaani korona, ulioanza kama mafua. Siku ya sita akawa hawezi kutoka kitandani hadi chooni bila kukaa njiani kupumzika. Tukamkimbiza Dar es Salaam, hospitali binafsi, wakamtoa damu vichupa vitano na kumwekea oksijeni. Alikaa siku tisa. Baada ya mazishi nilipewa karatasi zake, na kwenye karatasi ya maabara kuna mstari mmoja ambao mtu aliuzungushia kalamu nyekundu: vitamini D, 11. Pembeni imeandikwa kwamba kawaida inaanzia 30. Hakuna aliyenieleza maana yake. Niliikunja ile karatasi nikaiweka kwenye mkoba wangu wa sokoni, na mpaka leo imo humo. Imeshachanika kwenye mikunjo.

Mwezi Machi mwaka huu mwanangu mdogo, wa miezi 15, alipata surua. Chanjo ya miezi tisa ilimpita kwa sababu nilikuwa kijijini nauguza mama mkwe, na niliporudi nikajisahau. Alipata homa, macho mekundu, vipele mwili mzima, hataki hata ziwa. Kituo cha afya walimpa matone ya vitamini A, wakaniambia nirudi kesho yake apewe tena. Nikarudi. Mtoto amepona, namshukuru Mungu. Lakini jambo moja linanisumbua: hawakumpima damu. Walijuaje kama amepungukiwa?

Sasa kuna wifi yangu anayeuza virutubisho. Amekuja na kifurushi cha vipimo vya damu, vitamini D, zinki, seleni, madini ya chuma na vingine, shilingi 180,000 kwa mtu mmoja. Anasema namba hizo zinaonyesha nani atalemewa virusi vikija na nani atapita salama. Siku alipoiona karatasi ya baba alisema mbele ya watu, "Ungempima mapema, angekuwa hapa." Tangu siku hiyo usingizi wangu ni wa kuvizia. Tena amemshawishi mama yangu, mwenye miaka 64, anayeishi na VVU na yuko kwenye ARV tangu 2009. Anataka mama apimwe, kisha anunue makopo matatu ya vidonge. Kila jioni mama ananiuliza kama fedha imepatikana.

Bibi, baba alikufa kwa kukosa vitamini ambayo ningeweza kumnunulia dukani? Na je, nilipe hiyo 180,000?

Mwenye Karatasi, Morogoro

*

Marahaba mwanangu, na pole. Pole ya baba, pole ya kuuguza mtoto, na pole ya kubeba karatasi ile kila siku kati ya vitenge na chenji.

Nikujibu kwanza, kisha nikueleze. Hapana, baba hakufa kwa sababu hukumnunulia vitamini D. Na hapana, usilipe hiyo 180,000.

Tuanze na 11 yenyewe. Damu ile ilitolewa siku gani? Ilitolewa siku alipofika hospitali, siku ya sita ya ugonjwa, mapafu yameshawaka. Namba hiyo haisemi damu ya baba ilikuwaje mwezi Mei alipokuwa anakula ugali wake na kucheza bao. Mwili unapopigana na homa kali huanza kuhamisha mali zake. Ini hupunguza kutengeneza baadhi ya protini zinazosafirisha virutubisho kwenye damu, na virutubisho vingine hutolewa kwenye damu na kupelekwa kwingine. Vitamini A hushuka, zinki hushuka, chuma hushuka, na vitamini D pia huonekana kushuka. Huko Glasgow, Uskochi, madaktari waliwahi kuwapima vitamini D watu waliokuja kufanyiwa upasuaji wa goti, watu ambao hawakuwa na virusi wala homa. Wakawapima tena baada ya upasuaji. Ndani ya siku chache tu namba zilikuwa zimeporomoka. Hawakubadilisha chakula, wala jua halikuzimika. Mwili ulikuwa umejeruhiwa, basi.

Wakati mwingine namba hudanganya kwa upande wa pili. Feritini, kipimo kinachotumika kuonyesha akiba ya chuma, hupanda mtu anapougua. Mtu mwenye homa anaweza kuonekana ana chuma tele kumbe ghala ni tupu. Ndiyo maana sisi wauguzi wa zamani hatupendi mtu apimwe lishe akiwa anatetemeka kwa homa, halafu apewe karatasi bila maelezo.

Fikiria nyumba yenye msiba. Siku ya tatu mgeni anaingia jikoni, anafungua debe la unga na kukuta limebaki kidogo chini. Akitoka nje akitangaza kwamba marehemu alikufa kwa sababu nyumba hii haina unga, wewe mfiwa utamwambiaje? Utamwambia unga umeisha kwa sababu ya msiba, watu wamekuja, wamepikiwa. Wifi yako amefungua debe siku ya tatu.

Sitaki nikufiche upande wa pili. Zipo nyumba ambazo unga ulikuwa haba hata kabla ya msiba. Baba alikuwa na sukari, mwili mkubwa na umri. Watu wa namna hiyo mara nyingi vitamini D yao huwa chini hata wakiwa wazima, na watu wa namna hiyohiyo ndio waliolemewa zaidi na Uviko. Kwa hiyo ukichukua orodha ya wagonjwa wa Uviko wodini, utakuta wenye vitamini D ya chini wamefariki wengi zaidi. Ni kweli, imeonekana nchi nyingi. Namba ya chini inaweza kutabiri nani atazidiwa. Hapo wifi hakusema uongo. Lakini kutabiri na kusababisha ni vitu viwili, na pengo kati yake ndimo biashara yake inamokaa.

Utajuaje basi kama kirutubisho kinaokoa kweli, au kinafuatana tu na ugonjwa kama kivuli? Njia ya uhakika ni moja. Unachukua wagonjwa wanaofanana, unawagawa kwa kura, nusu unawapa kirutubisho na nusu huwapi, kisha unahesabu nani amepona na nani amezikwa. Kwa vitamini A na surua hesabu hiyo imefanywa, na sehemu yake imefanywa hapahapa kwetu. Jambo hili niko nalo karibu, nivumilie nikirefusha.

Nilipoanza kazi wodi ya watoto mwaka 1984, surua ilikuwa inajaza vitanda. Tulilaza watoto wawili wawili, kichwa huku na kichwa kule. Kilichotutisha, mbali na vifo, ni macho. Mtoto analetwa Jumatatu anakutazama, Alhamisi kioo cha jicho kimeshaingia ukungu, kama dirisha lililopuliziwa pumzi asubuhi ya baridi. Wengine waliondoka wodini hai lakini vipofu. Virusi vya surua hushambulia ngozi ya ndani ya mwili, ile inayofunika koo, mapafu, utumbo na macho, na vitamini A ndiyo inayohitajika kuitengeneza upya. Mtoto aliyeingia kwenye surua akiba yake ikiwa ndogo huimaliza haraka.

Kumbe jambo lenyewe lilikuwa limeshaonwa zamani. Mwaka 1932 daktari mmoja wa London, Joseph Ellison, aliwagawa watoto 600 wenye surua. Mia tatu wakapewa mafuta ya ini la samaki yenye vitamini A na D, mia tatu hawakupewa. Waliopewa walikufa 11. Wasiopewa walikufa 26. Kazi hiyo ikasahaulika kwa takribani miaka hamsini, na nikiwaza watoto waliopita katika miaka hiyo moyo unaniuma mpaka leo.

Kisha ikaja Mvumi, mkoani Dodoma. Watoto 180 waliolazwa kwa surua waligawanywa kwa kura, 88 wakapewa vitamini A kwa wingi na 92 wakapata matibabu ya kawaida. Walipopimwa damu, tisa kati ya kila kumi walikuwa na vitamini A ya chini mno. Katika kundi lililopewa walikufa 6, kundi lingine walikufa 12. Kwa wadogo wa chini ya miaka miwili, rika la mwanao, alikufa mmoja upande huu na saba upande ule. Watoto walikuwa wachache, na hesabu ya jumla peke yake isingemaliza ubishi. Matokeo yalichapishwa 1987, na mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani na UNICEF wakatoa tamko kwamba mtoto mwenye surua apewe vitamini A kule ambako upungufu ni tatizo. Mwaka 1990 yakatoka matokeo ya Cape Town. Watoto 189, vifo 12, na kati ya hivyo kumi vilikuwa vya kundi ambalo halikupewa.

Huko Kinshasa nako walipima damu ya watoto waliolazwa kwa surua. Wale wa chini ya miaka miwili ambao vitamini A yao ilikuwa chini kabisa walikuwa na hatari ya kufa karibu mara tatu ya wenzao. Hiyo ni namba ya kutabiri, kama ya baba. Tofauti ni kwamba hii ya vitamini A ilipelekwa kwenye jaribio la kura na ikashinda.

Sasa nakuja kwenye swali lako zuri kuliko yote, walijuaje kama mtoto amepungukiwa bila kumpima. Hawakujua, mwanangu, wala hawakuhitaji kujua. Vitamini A nyingi hukaa kwenye ini, haiko kwenye damu, na wakati wa surua ile ya kwenye damu hushuka kwa vyovyote. Kipimo kingechukua fedha na siku, na mtoto hana siku. Matone ni ya bei ndogo, ni salama kwa kipimo kilichowekwa, na yameonyeshwa kuokoa. Kwa hiyo kila mtoto mwenye surua anapewa. Chini ya miezi sita anapewa yuniti 50,000, miezi sita hadi 11 yuniti 100,000, kuanzia mwaka mmoja yuniti 200,000, leo na kesho. Bila shaka ulimwona muuguzi akishika kidonge laini chekundu, akakata ncha yake kwa mkasi na kumminyia mtoto mdomoni mpaka tone la mwisho. Ndicho hicho. Nimeminya vidonge vile mpaka vidole vikawa vinateleza kwa mafuta, na sijawahi kuchoka.

Angalia basi lilivyo jambo hili. Kule ambako kirutubisho kimethibitika kuokoa, hawakumtoa mwanao hata tone la damu wala hukulipa. Kule ambako unaambiwa ulipe 180,000 kwanza usome namba, ndiko ambako kirutubisho kimejaribiwa kikashindwa.

Maana vitamini D imejaribiwa. Huko Brazil, São Paulo, wagonjwa 240 wa Uviko waliokuwa wamelazwa waligawanywa kwa kura. Nusu walipewa dozi moja kubwa ya vitamini D, yuniti 200,000. Namba kwenye damu ilipanda vizuri kabisa, zaidi ya maradufu, lakini hawakutoka hospitali mapema kuliko wenzao. Yaani hata kama daktari wa baba angeisoma ile 11 siku ileile na kumpa vitamini D papo hapo, hakuna ushahidi thabiti kwamba siku zile tisa zingekwenda tofauti. Uingereza nao walijaribu kitu kilekile anachouza wifi. Watu wapatao 6,200 wakagawanywa kwa kura, nusu wakapewa nafasi ya kipimo cha kuchoma kidole nyumbani, na waliokuwa chini ya 30, namba ileile iliyo pembeni ya karatasi yako, wakapewa vitamini D kila siku kwa miezi sita. Uviko na magonjwa mengine ya kifua havikuwa vichache kwao kuliko kwa wale ambao hawakupimwa. Matokeo yalitoka 2022.

Wifi alisema ungempima mapema. Hao walipimwa mapema, mwanangu. Watu karibu elfu tatu.

Vitamini D haina makosa. Mifupa inaihitaji, na mtoto mwenye matege au mzee anayevunjika ovyo daktari anaweza kuwa na sababu ya kuipima. Ninachokataa ni kuuziwa vitamini D kama kinga ya virusi.

Na kama ni kutafuta kilichombeba baba, basi vilikuwepo vikubwa kuliko hiyo 11. Miaka 67. Sukari. Presha. Mapafu yaliyokuwa yanapoteza oksijeni, jambo ambalo wakati ule familia nyingi hazikulitambua mpaka mtu anaposhindwa kufika chooni. Ninyi mlilitambua na mkamkimbiza. Chanjo ya Uviko ilizinduliwa nchini tarehe 28 Julai 2021, baba akiwa ameshazikwa. Hakuna duka ambalo ungeingia mwezi Juni ukatoka na kitu cha kumwokoa. Nakuambia hivi nikiwa muuguzi, sikubembelezi.

Sasa mama. Hapa nasema kwa sauti ya juu kidogo, maana makopo matatu yananitia hofu.

Nchi yetu imefanya kazi kubwa sana katika swali la virutubisho na VVU, na wengi hawajui. Kuanzia 1995, Dar es Salaam, wanawake wajawazito 1,078 wenye VVU walipewa kwa kura vitamini za namna mbalimbali, wakati ARV bado hazijafika kwa watu wa kawaida. Mchanganyiko wa vitamini B, C na E ulichelewesha ugonjwa kusonga mbele. Ilikuwa habari njema kwa zama zile. Lakini vitamini A, hiihii iliyomsaidia mwanao, kwa wanawake wale iliongeza uwezekano wa mama kumwambukiza mtoto. Kirutubisho kilekile kwa virusi vingine na mwili mwingine kilileta madhara. Tangu nisikie matokeo yale, mtu akiniambia "ni vitamini tu, haina ubaya", namkatiza.

Baadaye watafiti walipima damu iliyohifadhiwa ya wanawake hao na kuona kwamba wenye vitamini D ya chini ugonjwa uliwasogea haraka zaidi. Namba ikatabiri tena. Basi wakafanya lililo sawa, wakaipeleka kwenye kura. Watu 4,000 wa Dar es Salaam waliokuwa wanaanza ARV, wote vitamini D chini ya 30, nusu wakapewa vitamini D kwa mwaka mmoja, na nusu nyingine wakapewa vidonge visivyo na dawa. Matokeo yalitoka 2020. Vifo havikupungua, na kifua kikuu hakikupungua. Na kabla ya hapo jaribio jingine la Dar es Salaam, lenye watu zaidi ya 3,400 wanaoanza ARV, lilitaka kujua kama vitamini nyingi zaidi ni bora kuliko za kiasi cha kawaida. Lilisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu vipimo vya ini vya waliopewa dozi kubwa vilianza kupanda.

Kwa hiyo mama asipimwe kifurushi kile, na asianze makopo yale kimyakimya. Kuna jambo jingine la karibu zaidi. Wagonjwa wengi nchini sasa wako kwenye kidonge kimoja chenye dolutegravia, kile wanachokiita TLD. Vidonge vya madini ya kalsiamu, chuma, zinki au magnesiamu vikimezwa pamoja na dawa hiyo tumbo likiwa tupu huikamata tumboni, isiingie vizuri kwenye damu. Anayelazimika kuvitumia humeza TLD saa mbili kabla yake au saa sita baada yake, au, kwa kalsiamu na chuma, anakula chakula na kumeza vyote pamoja, na apangiwe hayo na wahudumu wa CTC yake, kliniki ya wanaoishi na VVU. Fikiria mama aliyeshika dawa bila kukosea tangu 2009, halafu kopo la madini kutoka kwa ndugu liharibu kazi hiyo. Kama ameshaanza kumeza chochote, aende na makopo yenyewe kliniki, ayaweke mezani wayasome.

Kipimo cha damu kinachotabiri maisha ya mama kipo, na anakipata bila malipo hukohuko: wingi wa virusi. Muulize cha mwisho kilisomaje na kilichukuliwa lini. Kikiwa kimepita mwaka, hicho ndicho cha kukimbilia. Na kwa umri wake apimwe sukari na presha, kwa sababu ya baba.

Kuhusu wifi. Sidhani ana nia mbaya. Wanaouza vitu hivi wengi wao wamefundishwa maneno yale kwenye semina na wao wenyewe wanayaamini, tena wana deni la makopo. Lakini alichosema mbele ya watu kilikuwa kisu, na sio lazima ukinyamazie. Mwite peke yake, sio barazani. Mwambie, "Wifi, nakuheshimu, lakini habari ya baba usiitumie tena kuuza. Na mama ana dawa zake, hataongeza kitu bila kuuliza CTC." Maneno hayo yanatosha. Akianza kukuonyesha picha kwenye simu, mwambie umesikia, umwekee chai. Mama yeye mwambie jioni ya leo, asikuulize tena kesho. Mwambie kwamba fedha haijakosekana, umeamua kwa sababu, na umsomee aya hii ya TLD kama ilivyo.

Mtoto ndiye bado ana kazi. Kwanza, surua ikipita huacha mwili umesahau baadhi ya kinga ulizokuwa umejifunza, kwa hiyo miezi ijayo asipuuzwe akiharisha au akikohoa. Mwongeze mlo mmoja kwa siku kwa wiki kadhaa. Weka mafuta kidogo kwenye mboga zake, kwa sababu vitamini A ya mchicha, matembele na viazi lishe vya njano haiingii mwilini vizuri bila mafuta. Dagaa mtwangie, umchanganyie kwenye uji au ubwabwa. Mayai ukiyapata, mpe yeye kwanza.

Pili, chanjo. Kuugua surua hakumwondoi kwenye ratiba. Ile chanjo inakinga na rubella pia, na dozi mbili ni miezi tisa na miezi 18. Nenda na kadi, sema ukweli kwamba ya kwanza ilimpita, watakupangia. Usiogope kugombezwa. Ulikuwa unauguza mama mkwe. Muuguzi akikupandishia sauti, mwambie umetumwa na muuguzi mwenzake. Na mkubwa wake je, kadi yake imejaa? Iangalie siku hiyohiyo. Juni na Desemba kuna matone ya vitamini A kwa watoto wote wa miezi sita hadi miaka mitano. Waulize kama wiki zilizopita tangu dozi za surua zinatosha ndipo apewe, kwa sababu vitamini A ikizidi huumiza ini, na ndiyo maana huwezi kujinunulia tu na kumminyia nyumbani.

Tatu, macho. Leo jioni, jua likiwa limeshazama lakini bado hamjawasha taa, mwekee mwanao kitu anachokipenda sakafuni hatua chache mbele yake. Akikipapasa kama asiyeona, au ukimtazama kwenye mwanga ukaona weupe mkavu pembeni ya mboni, au anakataa kufungua macho juani, usisubiri Jumatatu. Kuna dozi ya tatu ya vitamini A kwa mtoto ambaye surua imemgusa macho, hutolewa wiki chache baada ya zile mbili, na daktari wa macho lazima amwone.

Na karatasi ya baba itoe kwenye mkoba wa sokoni. Sikuambii uichane, ina jina lake. Iweke nyumbani pamoja na picha zake. Ile 11 ni damu ya mtu aliyekuwa anaungua homa kwa siku sita, na mtu aliyeizungushia kalamu nyekundu angepaswa kukueleza hivyo mwaka 2021. Nasikitika kwamba umengoja mpaka leo kuelezwa.

Kesho ukienda na kadi ya mtoto, pitia CTC na mama. Kisha niandikie wamesema nini kuhusu hayo makopo.

Bibi Muuguzi